Kompyuta Iliyokosea Kimyakimya

Hope Dabaso alikuwa na chumba kimoja cha kazi pale Garsen, karibu na soko, chenye meza mbili, printa na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Watu walimjia kuchapishiwa barua, kujaziwa fomu za serikali mtandaoni na kutolewa nakala za vyeti. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Lakini waliomzoea walijua kwamba moyo wake ulikuwa kwenye kazi nyingine kabisa: kutengeneza ramani za bonde la mto Tana.

Hakuanza kwa kupenda ramani. Alianza kwa sababu ya mama yake.

Mwaka wa mafuriko makubwa, mama yake, Sarah, alikuwa kwenye shamba lao kule Ndera. Mto ulipovuka kingo, Mama Sarah na majirani walihamia pahali pa juu, pale pale walipohamia wazee wao zamani. Lakini mto ulikuwa umebadilisha njia mara kadhaa tangu enzi hizo, na mchanga ulikuwa umejaza mikondo ya kale. Maji yaliwafuata huko huko juu. Walikaa siku mbili juu ya paa la ghala la mahindi, watu kumi na mmoja, mpaka boti ilipowafikia. Mama Sarah aliteremka akiwa na kikohozi kilichomkaa miezi mitatu. Mbuzi wake wanne walikwenda na maji.

Baadaye shirika moja likaja Garsen kufundisha watu kurusha droni. Hope akajiandikisha. Mradi ulipokwisha, wenzake waliendelea na shughuli zao. Yeye akaachiwa droni moja kuukuu, naye akaendelea kuirusha. Droni hupiga maelfu ya picha za ardhi kutoka juu, kisha programu ya kompyuta huzishona pamoja mpaka ipatikane ramani. Na ramani hiyo haionyeshi nyumba na vichaka tu. Inaonyesha pia urefu wa ardhi: hapa pako chini, hapa pamepanda nusu mita, hapa mita mbili. Katika bonde lile, ambako jicho linaona nchi yote ni tambarare, nusu mita ndiyo tofauti ya mtu kulala kitandani kwake na kulala juu ya paa.

Habari zikafika Ndera. Huko kulikuwa na kamati ya mafuriko, yenye wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma, na kamati hiyo ikamwomba Hope ramani ya eneo lao kabla ya masika. Walitaka kujua mambo mawili: maji yakianza kupanda watu wahamie wapi, na ng'ombe wapitishwe wapi.

Hope alikuwa na kompyuta ndogo tu, na kompyuta hiyo ilikuwa ikiganda hata kabla ya kumaliza kuzisoma picha. Ndipo akaenda Hola kwa Elvis, fundi waliyesoma naye chuo cha ufundi, akanunua kwake kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Ilikuwa mashine ya maana. Kijana aliyekuwa nayo kabla aliichezea michezo ya video, na michezo hiyo hutaka nguvu.

"Hii prosesa haijafungwa," Elvis alimwambia, akiigusa mashine kwa kidole. "Ukitaka, unaweza kuipandisha kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani. Na RAM vilevile."

"Haitaungua?"

"Haiungui ukienda nayo taratibu. Joto likizidi, inajizima yenyewe. Lakini, Hope, usipandishe vitu vyote siku moja. Kimoja, ukijaribu, halafu kingine."

Hope alisikia maneno ya kwanza vizuri kuliko ya mwisho.

Kwa kasi ya kiwandani, ramani ya Ndera ingechukua saa thelathini bila kusimama. Stima ya Garsen miezi ile haikukaa saa thelathini bila kukatika. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili umeme ulikatika kazi ikiwa katikati, akarudi mwanzo. Siku ya tatu alifungua ule ukurasa wa mipangilio ya ndani, ambao mtu huufikia kwa kubonyeza kitufe kabla mashine haijaamka vizuri. Akaipandisha prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote, kutoka gigahazi 3.6 hadi 4.6. Akaiongezea volti ili iweze kuhimili. Akaipandisha na RAM, ile sehemu ambayo kompyuta huweka kwa muda kile inachokifanyia kazi, hadi 3200, kasi ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni mwa vipande vyake. Yote hayo kwa kikao kimoja, chai ikipoa mezani.

Mashine ikawaka. Makadirio ya kazi yakashuka hadi saa kumi na tisa. Hope alipiga makofi peke yake.

Kesho yake, kazi ilipofika robo, skrini ikawa ya bluu na mashine ikajizima. Akaiwasha. Mara hii ilifika nusu. Mara ya tatu ilizimika dakika ishirini tu baada ya kuanza. Hapakuwa na mpangilio wowote. Akampigia Elvis.

"Ulibadilisha nini?" Elvis aliuliza.

"Prosesa. Na RAM. Na volti kidogo."

"Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

Elvis alicheka, si kwa ubaya. "Sasa utajuaje ni nani kati yao anayekusumbua?"

Hope hakuwa na subira ya kuanza upya. Kamati ilikuwa imempa tarehe. Akatazama joto la prosesa: nyuzi tisini na saba. Basi, akajisemea, tatizo ni joto. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi jekundu lililokuwa limejaa kwenye bati la kupozea, akafuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto iliyokauka kati ya bati na prosesa, akapaka mpya. Akaongeza feni mbili. Joto likashuka hadi themanini na moja.

Mashine haikuzimika tena. Alipanga kazi zianze jioni na kwenda usiku kucha kukiwa na ubaridi, na umeme nao ukamhurumia wiki ile. Ramani ikakamilika. Akaichapisha kubwa, akaenda nayo Ndera, akaibandika ukutani katika darasa la chekechea ambamo kamati ilikuwa ikikutana. Wajumbe waliisogelea kwa zamu, kila mmoja akitafuta kwake. Mama Sarah aliona paa la nyumba yake na mkeka uliokuwa umeanikwa uani siku droni ilipopita.

Ramani ilionyesha mwinuko mzuri kaskazini mwa kijiji, mita mbili juu ya mashamba. Kamati ikauchagua siku ile ile. Ndani ya wiki, watu walikuwa kule na mapanga na majembe, wakifyeka vichaka na kuchimba mashimo ya vyoo.

Ilikuwa wakati huo, Hope akiwa amerudi Garsen na furaha yake, ndipo Elvis alipomwomba nakala ya ramani aiweke Hola, isije ikapotea kompyuta moja ikiharibika. Hope akazikunja faili zote ziwe faili moja, akazitia kwenye flashi, akampa mtu aliyekuwa akienda Hola. Jioni Elvis akapiga simu.

"Faili lako limeharibika. Halifunguki."

"Labda ni flashi."

"Lijaribu hapo hapo kwako, kwenye diski."

Hope akalijaribu. Halikufunguka. Akazikunja faili upya, akajaribu kulifungua jipya. Nalo bovu. Mara ya tatu likafunguka bila shida yoyote. Faili zile zile, kompyuta ile ile.

Elvis akasema, "Hope, RAM yako inadanganya."

"Lakini mashine haijazimika wiki mbili!"

"Ndiyo mbaya zaidi. Ikizimika, unajua kuna shida. Hii inakosea namba moja hapa, moja pale, halafu inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kitu."

Hope aliangalia nakala ya ramani iliyokuwa ukutani.

Akaiamuru kompyuta ishone zile zile picha tena, tangu mwanzo. Siku mbili baadaye akazilinganisha ramani mbili. Sehemu kubwa zilifanana. Sehemu tatu hazikufanana, na mojawapo ilikuwa ule mwinuko wa kaskazini. Ramani ya kwanza ilisema mita mbili. Ya pili ilisema sentimita sitini. Moja ilikuwa ya uongo, au pengine zote mbili.

Alikaa na jambo hilo siku nzima. Alihudumia wateja, akapiga picha za pasipoti, akasahau kumwambia mzee mmoja avue kofia. Njia rahisi ilikuwepo: angetengeneza ramani nyingine, aipeleke na kusema ni toleo jipya, bora zaidi, na kamati ihamishe chaguo lake bila kujua sababu. Hata ujumbe wa simu aliuandika: "Nina ramani iliyoboreshwa." Akausoma mara mbili, akaufuta. Asubuhi akafunga chumba, akaenda Ndera.

Kamati ilikutana darasani mle mle, watu wazima wakiwa wameketi kwenye viti vidogo vya watoto. Hope hakukaa.

"Ramani niliyowaletea ina makosa," alisema. "Si makosa ya kuandika jina. Urefu wa ule mwinuko si wa kweli. Niliiendesha kompyuta kwa kasi kupita uwezo wake ili nimalize haraka, na ikakosea bila kuonyesha. Mimi ndiye niliyeiharakisha. Naomba radhi, na naomba msimamishe kazi kule."

Rachael, katibu wa kamati, alikuwa wa kwanza kusema. Alinyoosha viganja vyake, vina malengelenge.

"Siku nne, Hope. Siku nne tumefyeka kule. Mashimo matatu ya choo tumechimba. Wengine waliacha kupalilia kwao."

"Najua, dada Rachael."

"Hujui. Ungejua, ungehakikisha kwanza."

Hope alijua hilo ni kweli. Alimtazama mama yake. Mama Sarah aliangalia sakafu. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Rachael.

Aliyesema baada yake alikuwa Mzee Boru, mfugaji aliyewawakilisha wenye ng'ombe. Alizungumza Kiswahili polepole, akichagua neno moja moja.

"Wewe umekuja kusema mwenyewe. Hiyo nimeona. Sasa mimi niulize. Ukileta ramani ya pili, utajua namna gani kwamba mashine safari hii imesema ukweli?"

Ndilo swali Hope alilopaswa kujiuliza tangu mwanzo.

"Nitaijaribu mashine kwanza, kipande kimoja kimoja, mpaka nijue kosa liko wapi," alisema. "Halafu nitaishona ramani mara mbili. Zikitofautiana, siwaletei."

"Hiyo ni mashine kujipima na mashine," alisema Mzee Boru. "Na sisi? Maji ya mwaka ule yaliacha alama. Zizi langu lina alama. Ukuta wa zahanati una alama. Kwa nini usipime na hizo?"

Ilikuwa rahisi kiasi kwamba Hope aliona haya. Maji yaliyotuama husimama sawa kila upande. Basi pale ambapo mstari wa tope uliachwa kwenye kimo cha kifua cha mtu, ardhi iko chini; pale ulipofika kifundo cha mguu, ardhi iko juu.

Walitoka siku ile ile. Mzee Boru aliongoza upande wa malisho, Rachael upande wa mashamba, bado amekunja uso lakini akiwa na daftari mkononi. Walipata alama kumi na moja zilizoonekana wazi: kwenye kuta, kwenye nguzo za maghala, kwenye magome ya migunga. Hope alipima kila alama kutoka ardhini kwa utepe, na Rachael akaandika. Mwisho wakafika kwenye mwinuko wa kaskazini. Hakuna aliyekuwapo hapo wakati wa mafuriko. Wote walikuwa wamekimbilia kwingine. Wakatafuta kwenye mgunga mmoja mnene, na chini ya mmea wa kutambaa ulioota baadaye wakauona mstari wa tope, alama ya kumi na mbili. Mita moja na sentimita kumi.

Rachael aliandika namba hiyo, akalifunga daftari.

"Tungekuja kufia hapa," alisema kwa sauti ndogo. Kisha, baada ya hatua kadhaa: "Afadhali malengelenge."

Hope alirudi Garsen na kuanza upya, kama Elvis alivyomwambia tangu siku ya kwanza. Alirudisha kila kitu kwenye kasi ya kiwandani. Alitia kwenye flashi programu ndogo ambayo kazi yake ni kuandika namba katika kila pembe ya RAM na kuzisoma tena, kuona kama zimebaki zile zile. Ikakimbia saa nane. Makosa: sifuri. Kwa hiyo vipande vyenyewe havikuwa vibovu. Vilikuwa vimesukumwa tu.

Akanunua daftari la shule na kulichora mistari. Tarehe, kilichobadilishwa, joto la chumba, matokeo. Alijiwekea sharti moja: mstari mmoja, badiliko moja.

Prosesa akaiacha kwanza ilivyo. Akaipandisha RAM peke yake hadi 3200. Ndani ya dakika arobaini skrini ikaanza kuonyesha mistari myekundu ya makosa. Hope alifurahi kuyaona, kama mtu anayemwona mwizi wake mchana kweupe. Akachomoa vipande viwili kati ya vinne, akajaribu viwili vilivyobaki. Sifuri. Akavitoa hivyo, akatia vile vingine. Sifuri tena. Akavirudisha vyote vinne. Makosa.

"Ni vya kampuni mbili," alimweleza Elvis kwenye simu. "Jozi mbili tofauti. Kila jozi peke yake inakwenda vizuri. Zikiwa pamoja, hapana."

"Yule kijana aliongeza jozi ya pili baadaye," Elvis alisema. "Mimi nilipaswa kukuambia. Bodi inayobeba vipande vyote inachoka kuendesha vinne kwa kasi ile. Ukitumia viwili utakimbia."

"Viwili havitoshi kwa ramani ya Ndera. Nahitaji vyote vinne."

"Basi shuka."

Akashuka. Kwenye 3000, kipimo kilikimbia saa tano bila kosa, kisha likatokea moja. Moja tu, kati ya mabilioni ya namba. Hope aliliangalia kwa muda mrefu. Wiki chache nyuma angeliita bahati mbaya na kuendelea. Akaandika katika daftari, "3000: hapana," akashuka hadi 2800. Siku nzima, usiku kucha, mpaka kesho yake adhuhuri. Sifuri.

Ndipo akairudisha RAM kiwandani na kugeukia prosesa. Kwenye 4.6 ilizimika, na kila alipoiongezea volti ili itulie, joto lilipanda nalo. Akashuka hadi 4.3. Asubuhi ilipita kipimo kwa raha. Lakini Hope alikuwa amejifunza kutoamini asubuhi. Akakirudia kipimo kile kile saa nane mchana, bati la paa likilia kwa jua na jasho likimdondoka kwenye kibodi, na mashine ikazimika. Kumbe hizo wiki mbili za utulivu zilikuwa zawadi ya ubaridi wa usiku tu. Akashuka hadi 4.2, akapunguza na volti, akafunga madirisha makusudi ili chumba kichemke. Mteja mmoja, mwanamke wa Kiorma aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho, alisimama mlangoni akasema, "Dada, unajipika?"

"Najaribu kuipika kompyuta," Hope alisema. "Ikivumilia leo, itavumilia Aprili."

Ilivumilia.

Mwisho akaviweka pamoja, prosesa 4.2 na RAM 2800, kwa kuwa vitu viwili vinavyokwenda vizuri kila kimoja kivyake huweza kushindwa vikiunganishwa, na hilo RAM yenyewe ilikuwa imemfundisha. Akairudia siku nzima ya vipimo. Kisha akazikunja faili za picha na kuzikunjua mara thelathini. Mara zote thelathini zilifunguka. Daftari lilikuwa limejaa kurasa kumi na nne.

Makadirio sasa yalikuwa saa ishirini na tatu, si kumi na tisa. Saa nne alikuwa amezipoteza. Lakini alipata wazo la kuigawa Ndera vipande vinne, kila kimoja kikimalizika ndani ya saa sita, hivi kwamba stima ikikatika anapoteza kipande kimoja, si kazi yote. Kwa kweli jambo hilo lilimwokolea muda kuliko kasi yote aliyokuwa akiitafuta. Stima ilikatika mara tatu wiki ile, na hakurudi mwanzo hata mara moja.

Ramani mbili zilipokamilika, akaziweka moja juu ya nyingine. Tofauti kubwa kabisa ilikuwa sentimita mbili. Akachukua orodha ya Rachael ya alama kumi na mbili. Kumi na moja zilikubaliana na ramani. Moja ilipishana nayo kwa sentimita thelathini, nyuma ya zahanati, na Hope hakulala vizuri mpaka alipompigia mama yake kumuuliza.

"Pale?" Mama Sarah alisema. "Pale walimwaga udongo walipokuwa wanajenga tangi. Baada ya droni yako kupita." Akaongeza kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu siku ile ya darasani: "Umekula lakini leo, mwanangu?"

Hope alijibu kwamba amekula, ingawa hakuwa amekula.

Ramani ya kweli ilisema mwinuko salama uko mashariki, upande wa malisho, ng'ambo ya njia ambayo ng'ombe hupita kwenda kunywa mtoni. Hilo halikuwa jambo dogo. Njia hizo na mashamba yanayopakana nazo zimewahi kugombanisha watu, na kila aliyekuwa darasani alilijua bila kukumbushwa. Wakulima wangelazimika kuhamia kwenye ardhi waliyozoea kuiita ya wafugaji, na ng'ombe wangehitaji kupita kando ya mashamba kabla ya mavuno.

Walijadili tangu asubuhi hadi alasiri. Hope hakusema mengi. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwa kidole. Mara mbili watu walisimama kana kwamba wanaondoka. Mwishowe Rachael ndiye aliyeinuka, akaenda kwenye ramani, akaweka kidole kwenye ukanda mwembamba wa ardhi ya chini.

"Hapa maji yatafika kwanza kuliko kwingine kote," alisema. "Mahindi ya hapa tutayapoteza kwa vyovyote. Basi hapa pasilimwe msimu huu. Ng'ombe wapite hapa."

Mzee Boru aliutazama ukanda ule. "Upana gani?"

"Hatua arobaini."

"Hamsini."

"Hamsini," alisema Rachael. "Na kule juu mtupe nafasi ya kujenga vyoo kabla ya mvua."

"Nafasi ipo. Vijana wetu watachimba na wenu. Ninyi mikono imechoka."

Watu wakacheka, na Rachael naye akacheka.

Mvua zilikuja wiki ya pili ya Aprili. Hayakuwa mafuriko kama ya mwaka ule, lakini mto ulipanda na kuvuka. Kamati ilipiga kengele ya shule siku mbili kabla maji hayajafika kwenye mashamba, na watu wakahama kwa miguu, mchana, wakiwa wamebeba vyungu, magodoro na mbegu. Mama Sarah alihama na mbuzi wawili aliokuwa ameanza kuwafuga upya, na kuku kwenye kikapu. Ng'ombe walipita kwenye ule ukanda wa hatua hamsini. Walikanyaga kidogo mihogo ya mtu mmoja, likazungumzwa, likaisha. Kule kaskazini, mashimo matatu ya vyoo yalijaa maji mpaka juu. Mashariki palibaki pakavu siku zote kumi na saba, ingawa matope yalikuwa ya kutosha na watoto wengi walipata mafua.

Maji yalipopungua, Mzee Boru na Rachael walizunguka pamoja na kopo la rangi nyekundu, wakipaka mstari mpya kila mahali maji yalipoishia. Hawakungoja kuombwa. Orodha ilimfikia Hope kwa picha ya simu, namba ishirini na sita, mwandiko wa Rachael.

Mwezi Juni akapigiwa simu kutoka Kinakomba. Kamati yao nayo ilitaka ramani, na aliyepiga aliuliza kama ingewezekana ndani ya wiki moja.

"Wiki tatu," Hope alisema. "Na ya kwanza sitakuja na droni. Nitakuja na utepe. Nitahitaji watu wawili wanaokumbuka maji yalifika wapi, mmoja wa mashamba, mmoja wa ng'ombe."

Upande wa pili palikuwa na mashauriano ya haraka. Kisha sauti ikarudi. "Tunao wanne. Uje Jumatatu?"

Hope alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika juu kabisa "Kinakomba," akachora mistari yake.

"Jumatatu," alisema.